Kwa nini mgonjwa wa akili hurudi wadini?

Jamaa za wagonjwa hapa Eldoret huniuliza swali moja: "Daktari, si alitibiwa mwaka jana akapona? Mbona amerudiwa?" Ni swali la haki. Aliyelazwa katika wadi ya akili ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi si ajabu kuonekana hapo tena.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Mathari, kule Nairobi, ilipofunguliwa mwaka wa 1910 kuwa hifadhi ya wendawazimu, hapakuwa na dawa ya kutuliza ugonjwa wenyewe. Mgonjwa alifungiwa, na wengine walizeekea humo. Mwaka wa 1952 madaktari nchini Ufaransa walianza kutumia klopromazini, na baadaye muda wa kulazwa ukaanza kuhesabiwa kwa majuma badala ya miaka. Lakini anayetoka mapema huweza pia kurudi. Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukisikia wadi imejaa, usiharakishe kusema wazimu umezidi mjini. Huenda ni watu wale wale.

Hebu tutazame kinachotokea nyumbani. Dawa za skizofrenia hupunguza nguvu za kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Haziung'oi ugonjwa, huuzuia tu, kama zile za kisukari. Tena si tamu: huleta usingizi, unene, kutetemeka mikono, na huweza kupunguza nguvu za kiume, jambo ambalo kijana hatalitaja mbele ya mama yake. Basi huziacha kimya kimya. Ubaya ni kwamba haugui kesho yake. Hupita majuma, hata miezi, watu wa nyumbani wakidhani amepona kabisa. Ongeza hapo bangi au chang'aa, na safari ya wadini imeanza.

Mgonjwa akimweleza daktari waziwazi kinachomkera, kipimo huweza kupunguzwa, dawa ikabadilishwa, au akapewa sindano ya kudungwa mara moja kwa mwezi hivi.

Aghalabu ugonjwa hubisha hodi kabla ya kurudi. Mgonjwa hakosi dalili: halali, haogi, hujifungia chumbani, huanza kuwashuku majirani. Huo ndio wakati wa kumpeleka kliniki, angali anaweza kupanda matatu kwa hiari yake. Wengi hungoja mpaka afungwe kamba. (Kamba, kwa maoni yangu, imewatia wagonjwa hofu ya hospitali kuliko sindano zote.)

Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka wa 2022, inazitaka serikali za kaunti kupeleka huduma hizi karibu na wananchi. Hapa kwetu, mpango wa AMPATH ulianzisha kituo cha Nawiri, cha kuwafunza kazi watu waliougua maradhi makali ya akili. Naona ni fikira nzuri, kwani aliye na kazi ya kuamkia hukumbuka dawa zake kwa urahisi zaidi.

Mnapokwenda kliniki, chukueni kadi ya zamani pamoja na tembe zilizobaki. Daktari akizihesabu hizo atajua mengi ambayo mgonjwa hakuyasema.