Mashudu, dagaa na pumba: kwa nini mzigo mmoja hupokelewa na mwingine hurudishwa

Wafanyabiashara wengi wanaopitisha vyakula vya mifugo Namanga, Sirari, Holili, Busia au Malaba huhesabu mzigo wao kwa gunia na kwa tani. Mwenye kiwanda anayeupokea Thika au Nakuru hahesabu hivyo. Yeye hununua protini, nguvu na madini, na gunia kwake ni chombo tu cha kubebea. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya malori mawili yenye mashudu ya alizeti kutoka Singida yafike siku moja, moja lipakuliwe na jingine lizuiliwe getini huku dereva akilala ndani ya gari siku tatu.

Tuanze na hayo mashudu. Alizeti ikikamuliwa pamoja na maganda yake yote, mashudu yanayotoka huwa na nyuzinyuzi nyingi na protini yake inaweza kuwa karibu asilimia 18. Maganda yakipunguzwa kwanza, protini hupanda na kufikia asilimia 28 au zaidi. Sasa piga hesabu ya lori la tani 10. La kwanza limebeba kilo 1,800 za protini, la pili kilo 2,800, na nauli pamoja na mafuta ya gari ni vilevile. Anayelalamika kwamba kiwanda kimemkata bei afahamu kwamba kwa kweli amesafirisha maganda.

Nyuzinyuzi zenyewe si sumu. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana tumbo lenye vijidudu vinavyozivunja, hivyo mashudu yenye maganda bado yana mteja kwa wafugaji wa maziwa. Kuku hana tumbo la aina hiyo. Akipewa maganda mengi hujaza gole lake, hushiba kabla ya kupata alichohitaji, na kuku wa nyama ambaye angefaa kuuzwa kwa wiki sita hubaki mwepesi. Kwa hiyo kabla ya kupakia, swali la kwanza la kumuuliza mnunuzi ni anamlisha mnyama gani.

Swali hilo lina uzito zaidi kwa mashudu ya pamba yanayotoka Kanda ya Ziwa. Mbegu ya pamba ina kemikali iitwayo gosipoli. Ng'ombe mkubwa huistahimili kwa kiasi, lakini nguruwe na kuku hudhurika nayo, na hata kiini cha yai hubadilika rangi yai likikaa ghalani. Ndama wadogo nao wasipewe. Soya mbichi pia ina kasoro yake, kwani ndani yake mna vitu vinavyozuia protini isisagwe tumboni, na bila kupikwa au kukaangwa kwa joto la kutosha kuku hula na asikue. Soya iliyochomwa kupita kiasi nayo hupoteza ubora. Mfanyabiashara anayeuza soya nzima kwa mfugaji mdogo anayejichanganyia mwenyewe amweleze jambo hili waziwazi, maana kiwanda kina mashine ya kuipika, mfugaji hana.

Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, ndio bidhaa yenye protini nyingi kuliko zote katika safari hizi. Dagaa safi waliokauka vizuri hufikia asilimia 50 hadi 60. Si wingi tu unaowapa bei. Protini ya samaki ina laisini na methionini, viungo viwili muhimu, na mahindi na alizeti hupungukiwa na laisini, na kuku akikosa kimojawapo hataweza kutumia vizuri hata ile protini nyingine aliyopewa. Ndiyo maana kiasi kidogo cha dagaa huinua utagaji kwa namna inayoonekana. Wakizidi, mayai na nyama huanza kunuka samaki na mteja wa mjini huvikataa.

Tatizo la dagaa ni mchanga. Dagaa wengi huanikwa chini ufukweni, na wapo wanaouongeza makusudi. Mchanga ukiwa asilimia 15 tu, tani 10 zina tani moja na nusu ya ufukwe wa ziwa iliyolipiwa nauli. Kupima si kazi ngumu: chota kiasi, saga, koroga ndani ya maji kwenye chombo cha kioo, acha itulie. Mchanga huzama chini. Waliokaushwa kwenye chanja wana bei ya juu kidogo, nao wanaistahili.

Kuna udanganyifu mwingine ambao jicho haliuoni. Maabara nyingi hazipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25. Mtu akichanganya mbolea ya urea, karatasi ya majibu itaonyesha protini ya kupendeza. Urea kwa kuku haina faida yoyote, na kwa ng'ombe ikizidi au ikichanganywa vibaya huua kwa muda mfupi. Mwaka 2008 nchini China melamini ilitiwa katika maziwa kwa hila hiyohiyo ya naitrojeni, na watoto wachanga walikufa.

Madini hayazungumzwi sana kwa kuwa ni mzigo wa bei rahisi. Hata hivyo, ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu, na kuku anayetaga kila siku huhitaji kama gramu 4 katika chakula chake. Akikosa, hutoa kwenye mifupa yake, kisha mayai huwa na ganda laini, kisha miguu humwisha nguvu. Chokaa ya mifugo ni mawe au makombe yaliyosagwa. Chokaa ya ujenzi iliyochomwa ni kitu tofauti, huunguza, na isipakiwe pamoja kana kwamba ni ndugu. Premiksi za vitamini nazo huharibika kwa joto; katoni iliyokaa wiki mbili juani mpakani ina lebo nzuri na vitamini pungufu.

Linalogharimu zaidi ni sumukuvu. Ukungu wake hustawi kwenye mahindi, pumba na mashudu ya karanga yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kuku akila kiasi kidogo kila siku ini huathirika, hudumaa na chanjo hazimfanyi kazi vizuri, na mfugaji hulaumu vifaranga. Ng'ombe hutoa sehemu ya sumu hiyo kwenye maziwa ndani ya siku moja au mbili, na kuchemsha hakuiondoi. Kenya inakumbuka mwaka 2004, watu 125 walipokufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Machi 2021 ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kisha siku chache baadaye ikafungua kwa masharti ya usajili wa waagizaji na vyeti vya kupimwa. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla, na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi mabovu kwa binadamu husemwa kuwa "ya kuku". Kauli hiyo ni ya hatari, tena ni hasara, kwa sababu viwanda vikubwa sasa hupima kila lori.

Kwa wasafirishaji, mengi yako mikononi mwao. Mashudu yaliyotoka kwenye kinu yakiwa ya moto yaachwe yapoe kabisa kabla ya kupakiwa, kwani mafuta yaliyobaki huendelea kupasha joto ndani ya shehena na yamewahi kuwaka. Turubai lililotoboka linatosha kuharibu safu ya juu, na ukungu wa safu hiyo hushuka. Lori lililobeba dawa za mashamba, mbolea au saruji lisafishwe kwanza.

Chukua sampuli mbele ya muuzaji kutoka magunia mengi, ya juu, ya kati na ya chini, changanya, gawanya mara tatu na fungeni kwa sahihi za wote wawili. Moja ibaki kwa muuzaji, moja iende na mzigo, moja baki nayo wewe mpaka fedha ziingie.