Turbo Iliyokarabatiwa: Mnunuzi na Muuzaji Wajue Nini

Wapenzi wa magari ya kasi, hasa wenye Subaru Impreza WRX na Forester za turbo, wanaijua bei ya turbo mpya. Ndiyo maana wengi hutafuta iliyotumika na kukarabatiwa na fundi. Biashara hiyo ni halali, na mafundi wengi wa jua kali wanaimudu vyema. Tatizo ni neno lenyewe, "imekarabatiwa". Yuko aliyebadilisha beringi na sili kisha akasawazisha mhimili kwa mashine, na yuko aliyeosha ganda kwa petroli na kulipaka rangi ya fedha. Kwa macho, zote mbili zinang'aa.

Tofauti hujitokeza barabarani. Mhimili wa turbo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukibebwa na utando mwembamba wa oili. Usiposawazishwa, beringi huisha upesi. Feni ikivunjika, vipande vya chuma vinaweza kuingia kwenye injini, na aliyetaka kuokoa pesa akajikuta akitafuta injini nzima.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aushike mhimili kwa vidole. Kucheza kidogo kando kwa kando si kasoro. Ukisogea mbele na nyuma kiasi cha kuhisika, au feni ikigusa ganda, aiache. Aulize pia ile turbo ya gari lake iliharibikaje. Wengi hawaulizi, ilhali turbo nyingi hufa kwa kukosa oili au kwa oili chafu. Ikifungwa nyingine bila kusafisha au kubadilisha bomba la oili, nayo itakufa vivyo hivyo.

Muuzaji naye anabanwa na sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 31) inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza kuuza kilichokarabatiwa kana kwamba ni kipya. Risiti ionyeshe nambari ya turbo, vipuri vilivyobadilishwa, fundi aliyehusika na muda wa dhamana, kama ipo.

Karatasi za mahali turbo ilikotoka zihifadhiwe pia. Vipuri huibwa, na anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini imeibwa, anaweza kufungwa hadi miaka 14 chini ya Kanuni ya Adhabu. Bei ikiwa ya chini mno na muuzaji hataki kuandika jina lake, mnunuzi ana haki ya kuondoka na pesa zake.