Ukitua Fukuoka, rameni iko Nagahama

Ukifika Fukuoka, Japani, usikimbilie vibanda vya Nakasu kando ya mto. Kwa picha, sawa, lakini watalii wamejaa. Wewe shika njia ya Nagahama, kwenye soko la samaki. Wafanyakazi wa soko hawakuwa na muda wa kungoja, ndiyo maana tambi za rameni pale ni nyembamba, zinaiva chap chap. Na supu usiimalize! Tambi zikiisha, itisha kaedama: unaongezewa tambi kwenye supu ileile, bei ikiwa chini kuliko bakuli jipya. Mfuko unapumua. Ila kama huli nguruwe, uliza kabla hujaketi. Ile supu nyeupe, tonkotsu, ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa masaa mengi. Kuondoa nyama ya juu hakusaidii kitu.