Je, Wajua? Saa ya Kuhesabu Hatua na Mtu Asiyetembea

Je, wajua kwamba mtu anaweza kupandisha kilima kwa kiti cha magurudumu, jasho likimtoka, na saa yake ikaandika kwamba ameshinda amekaa tu? Vifaa vingi vya kupima mazoezi vilibuniwa kwa ajili ya miguu. Kihisi kilichomo ndani hutambua mtikisiko wa hatua, lakini aliyeumia uti wa mgongo husafiri kwa mikono, na mkono huohuo hufua, hula na kupunga.

Kihisi kikifungwa kwenye gurudumu, umbali hupatikana barabara. Ila gurudumu halijui kama mwenyewe ndiye aliyelisukuma au amesukumwa na nduguye.

Basi tupime mapigo ya moyo? Hapo mambo huwa magumu zaidi. Neva zinazouamuru moyo uende mbio hutoka kwenye uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua. Aliyeumia shingoni, amri hiyo ya ubongo inaweza isifike kabisa. Hata akijituma hadi mwisho wa nguvu zake, moyo wake mara nyingi hauvuki mapigo 130 kwa dakika. Saa itasema amefanya kazi nyepesi, ilhali amechoka hoi. Hesabu ya kalori nayo hukosea, kwa kuwa misuli iliyopooza hupungua na mwili ukipumzika hutumia oksijeni kidogo kuliko kawaida.

Mwaka 2016 kampuni ya Apple iliipa saa yake uwezo wa kuhesabu misukumo ya kiti badala ya hatua, baada ya kuwachunguza watumiaji wa viti zaidi ya 300. Ni hatua njema, japo iliyochelewa mno.

Watafiti wa Kanada walikuwa wameshachukua njia nyingine: dodoso liitwalo PARA-SCI, ambalo humwuliza mtu alichofanya siku tatu zilizopita na jinsi mwili ulivyomwelemea, kuanzia kuvaa nguo hadi michezo. Kwangu mimi, swali hilo bado lina thamani kuliko tarakimu za saa.

Kwa walioumia uti wa mgongo, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 unapendekeza angalau dakika 20 za mazoezi ya kuhemesha, mara mbili kwa wiki, pamoja na ya kujenga misuli. Wewe unayemhudumia mtu wa namna hii, usiisome saa peke yake. Mwulize amechoka kiasi gani, kisha umwamini.