Sota Akikata Miche, Muulize Jirani

Umepandikiza kabichi jioni, asubuhi unakuta miche imelala chini, imekatwa usawa wa udongo. Usikate tamaa, wala usimsingizie kuku wa jirani. Huyo ni sota, kiwavi wa nondo. Hula usiku, mchana hujificha udongoni karibu na mche alioukata. Fukua kwa kijiti, sentimita 3 hadi 5 hivi, utamkuta amejikunja kama pete. Muue.

Sasa nenda kwa huyo jirani ambaye miche yake imesimama. Muulize, bwana, kuuliza si aibu! Pengine atakuonyesha anavyozungushia kila shina kipande cha karatasi au ganda la mgomba, kikiingia udongoni kidogo, sota asilifikie. Tena atakwambia alisafisha shamba wiki 2 au 3 kabla ya kupandikiza, maana nondo hutaga mayai kwenye magugu.

Na kama kitaluni kwake imebaki miche, omba ya kuzibia mapengo. Ipandikize jua likishapoa, umwagilie, na karatasi uwe nayo tayari mkononi.