Majilio kwenye mchanga wa Tarach

Alfajiri, kabla jua halijaanza kuunguza, wanawake wa Kakuma, Turkana, hushuka kwenye mto Tarach wakiwa na madumu ya manjano. Mto wenyewe ni mchanga mtupu. Mmoja huingia katika shimo lililochimbwa kwa mikono, akazama hadi mabegani, akachota kikombe kimoja. Hungoja maji yajikusanye, akachota cha pili. Dumu la lita 20 hujaa hivyo hivyo, kikombe kwa kikombe.

Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, nimeyaelewa hapo kuliko mahali pengine popote.

Mwaka 2025, Dominika ya tatu ya Majilio iliangukia Desemba 14, na somo la kwanza likatoka Isaya sura ya 35, nabii anapoliahidi jangwa maua na vijito. Nairobi somo hilo laweza kupita kama shairi zuri. Lodwar, huko Turkana, halipiti hivyo. Wanaolisikiliza walihesabu misimu mitano ya mvua iliyokosa kunyesha kuanzia mwishoni mwa 2020, na mbuzi wao wakafa. Kwao jangwa ndiyo njia ya kwenda kanisani. Hata wamisionari wa Mtakatifu Patriki walipofika Turkana mwaka 1961 waliikuta njaa, na Injili ikaja pamoja na kibaba cha unga. Lakini Waturkana walikuwa wakimwomba Akuj, Mungu wao, mvua tangu zamani. Kungojea hawakufundishwa na mgeni.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu wakikimbia vita. Waandishi wa ng'ambo hupenda kusema kwamba Kakuma ni Kiswahili, maana yake mahali pasipo popote. Sisi wenye lugha tunajua hakuna neno hilo, na uongo huo unaniuma, kwa sababu kambini na katika makazi ya Kalobeyei wanaishi watu karibu 300,000, na kila mmoja yuko mahali.

Mwaka 2025 uliwaelemea. Januari, Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na waliokwisha kuagana na majirani wakabaki. Kisha mgao wa chakula ukakatwa. Maumivu hayakuishia kambini: mama wa Kiturkana anayebeba kuni na makaa kwenda kumuuzia mkimbizi hulipwa kutokana na mgao huo huo, kwa hiyo sufuria mbili zilipungukiwa kwa siku moja.

Kwa hiyo sithubutu kumhubiria mtu wa huko uvumilivu. Tumaini la Kikristo halimfuniki aliyekata chakula. Aendelee kuulizwa, na sisi tulioshiba tuulizwe pia. Ninachokiona katika Parokia ya Msalaba Mtakatifu, ndani ya kambi, ni watu wa mataifa yasiyopatana wakiungojea mshumaa mmoja uwashwe, wakijua kwamba Yule wanayemngojea naye alibebwa usiku na wazazi wake kuvuka mpaka kwenda Misri. Anayekuja anazijua njia zao.

Mwanamke wa Tarach huchimba pale kwa kuwa aliuona mto ukipita. Akimaliza, hulizungushia shimo matawi ya miiba, mbuzi wasije wakalichafua. Kesho atashuka tena, na akikuta maji yameshuka, atachimba mkono mmoja zaidi.