Mwani unavyonasa zebaki: hesabu kwa wafanyabiashara wa dhahabu na samaki

Wanunuzi wa dhahabu wa Chunya na wachuuzi wanaotoa samaki Ziwa Rukwa kuwapeleka Mbeya hawakutani sokoni. Hata hivyo biashara zao zinaunganishwa na kitu ambacho hakuna hata mmoja wao anayekiuza: mwani mdogo sana, usioonekana kwa macho, ule unaoyafanya maji kuwa ya kijani.

Chunya ndiko yaliko machimbo ya Lupa, ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1920. Mawe yakishasagwa kwenye makarasha, wachimbaji wadogo huikamata dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma mchanganyiko huo ili dhahabu ibaki. Utafiti wa Peter van Straaten uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu wachimbaji wadogo wa Tanzania na Zimbabwe ulikadiria kuwa kila gramu 1 ya dhahabu hupoteza gramu 1.2 hadi 1.5 za zebaki. Asilimia 70 hadi 80 ya zebaki hiyo hupaa hewani. Inayosalia huingia kwenye marudio, udongo na mito.

Mvua zikinyesha, mito ya Lupa huelekea Rukwa, ziwa ambalo halina mto unaotoka. Kinachoingia pamoja na matope, kwa sehemu kubwa hubaki humo.

Mwani hunasa vipi?

Ukuta wa chembe ya mwani una sehemu nyingi zenye chaji hasi, wakati metali zilizoyeyuka majini, kama shaba, risasi na kadimi, kwa kawaida huwa na chaji chanya. Zikikutana hushikana, na kazi hiyo huweza kuchukua dakika chache tu. Hata mwani uliokufa na kukaushwa hunasa. Maji yakiongezwa asidi, metali nyingi huachia. Zebaki na dhahabu ni ving'ang'anizi zaidi, kwani hupenda sehemu zenye salfa.

Upande wa hasara, bakteria wa kwenye matope huweza kuigeuza zebaki kuwa aina yenye sumu kali zaidi. Mwani huifyonza, na kiasi kilichomo ndani yake huweza kuzidi kile cha majini kwa makumi ya maelfu ya mara. Samaki wala mwani huila, nao huliwa na samaki wakubwa. Mrundikano mkubwa kuliko wote hutokea katika hatua ile ya kwanza, kutoka majini kuingia kwenye mwani.

Hiyo haina maana kwamba samaki wa Rukwa ni wabaya. Utafiti wa Ikingura na Akagi wa mwaka 1996, uliofanywa kwenye machimbo ya ukanda wa Ziwa Victoria, ulikuta zebaki ndani ya samaki kwa jumla ikiwa kidogo. Kinachoamua ni kipimo. Siku uvumi utakapoingia sokoni, mchuuzi asiye na cheti cha maabara hatakuwa na jibu, na bei itaanguka hata kwa mwenye samaki safi. Wa Iringa nao wafikirie hivyo hivyo, kwani wana wachimbaji wa Nyakavangala na wana samaki wa bwawa la Mtera.

Je, kuna faida?

Mwaka 1986, Dennis Darnall na wenzake wa Chuo Kikuu cha New Mexico State, Marekani, walionyesha kuwa mwani aina ya Chlorella vulgaris huweza kunasa dhahabu na kuitenga na metali nyingine kwa kubadilisha asidi ya maji. Kwa mwenye mtaji mdogo habari hiyo inavutia, lakini apige hesabu kwanza. Wachenjuaji wa marudio wanaotumia sayanaidi tayari hukamata dhahabu kwa mkaa maalum, wenye mafundi na soko lake. Nafasi ya mwani inaonekana zaidi katika kusafisha maji machafu. Hata huko haukamati matone ya zebaki bali ile iliyoyeyuka tu, na ukishajaa sumu hauwezi kutupwa ovyo. Anayeletewa mradi wa namna hiyo aulize maji yana asidi kiasi gani, mwani utatumika mara ngapi, na uliojaa utapelekwa wapi.

Njia ya gharama ndogo bado ni kuizuia zebaki isifike majini. Chombo cha kuchomea kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke, humrudishia mchimbaji sehemu kubwa ya zebaki aliyoinunua kwa fedha yake. Bwawa la marudio lililojengwa vizuri, mbali na mto, huzuia iliyobaki.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Anayetaka kumkopesha mwenye karasha, pamoja na kuuliza gramu ngapi zinatoka kwa mfuko, aulize pia maji yake yanaelekea wapi. Fedha iliyowekwa kwenye karasha linaloweza kufungwa haina tofauti na fedha iliyowekwa kwenye duara lisilo na dhahabu.